“Mwache alale”: kisa cha mtoto, kitakasa mikono na chupa ya maji

Kisa hiki ni cha kufundishia. Hakimwelezi mtoto mmoja anayejulikana. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayotokea pale mtoto mdogo anapokunywa kitakasa mikono chenye alkoholi. Tumekiweka Dodoma ili mzazi, dada wa kazi, mwalimu wa chekechea na mhudumu wa zahanati waone ni wapi hasa mambo huharibika. Dozi na hesabu zilizomo ndizo zinazotumika kwa mgonjwa wa kweli.

Mtoto, nyumba na chupa

Mtoto ni wa kiume, ana miaka 2 na miezi 4, uzito kilo 11, mzima wa afya, chanjo zake amemaliza. Anaishi na mama yake kwenye chumba na sebule cha kupanga huko Nkuhungu. Mama anauza matunda ya kukata mjini. Anatoka alfajiri na kurudi jioni. Mchana mtoto yuko na dada wa kazi mwenye miaka 19, aliyekuja kutoka Kondoa miezi mitatu iliyopita.

Anayeuza matunda ya kukata anatazamwa mikono kabla ya kutazamwa matunda. Kwa hiyo mama hununua kitakasa mikono kwenye dumu la lita 5, kwa kuwa kwa ujazo huo ni nafuu kuliko vichupa vya dukani. Dumu linakaa chini ya kitanda. Lebo yake inasema ethanoli asilimia 80, kiwango kilekile cha fomula ya Shirika la Afya Duniani ambayo watu wengi waliizoea kuanzia 2020, Korona ilipoingia. Kila baada ya siku chache anamimina kwenye chupa mbili za maji ya kunywa za nusu lita. Moja anaondoka nayo kapuni. Nyingine inabaki juu ya stuli karibu na mlango, kwa ajili ya mikono siku ambazo mgao wa maji haujafika na koki imekauka.

Itazame hiyo chupa ya stuli kama mtoto anavyoiona. Ni ya plastiki, nyepesi, ina kizibo cha bluu cha kuzungusha ambacho amekwisha kujua kukifungua. Karatasi yake bado ina picha ya matone ya maji. Kilichomo ndani ni angavu kama maji, hakina povu, hakina rangi. Ni chupa ileile ambayo mama humnyweshea maji wakiwa safarini. Kwa macho yake hapo hakuna kosa lolote analofanya.

Saa kwa saa

Ni Julai, kipupwe. Jua la mchana lipo, lakini upepo unakata na jioni baridi inaingia mapema.

Saa 1 asubuhi mtoto anakunywa kikombe kimoja cha uji. Saa 6 mchana dada anampakulia ugali na mlenda, mtoto anasinzia kabla ya kula, analazwa. Chakula kinafunikwa kimsubiri.

Saa 9:40 alasiri anaamka na kiu. Dada yuko uani anaanua nguo. Mtoto anafungua chupa, anapiga mafunda mawili kwa pupa kabla ukali haujamfika kooni, anapaliwa, analia, nyingine inamwagikia kifuani. Dada anaingia mbio, ananusa shati, anajua ni sanitaiza.

Anampa nusu kikombe cha maziwa. Kisha anamtia kidole kooni. Mtoto anatapika maziwa kidogo. Mama mmoja wa nyumba ya jirani anashauri mkaa usagwe kwenye maji, unakosekana wa kusaga haraka. Baada ya robo saa mtoto anatulia, anacheka, anakimbiakimbia sebuleni, mashavu mekundu. Wote wawili wanashusha pumzi.

Saa 10:20 anaanza kuyumba na maneno yanalegea. “Ni ulevi tu huo, mwache alale, akiamka umekwisha,” anasema jirani, na anasema kwa nia njema. Dada anamlaza na kumfunika kanga moja. Anaishika simu, anaiweka. Anaogopa kwamba mama akijua, kazi imekwisha.

Saa 11:30 mama anarudi. “Mtoto amelala, mama, amechoka kucheza.” Saa 11:40 mama anamgusa: ngozi ni ya baridi, paji la uso lina jasho, mkono ukiinuliwa unaanguka. Anamwita kwa jina, anamfinya sikio, hajibu ila kuguna. Ndipo dada anapolia na kusema.

Wanampakia kwenye bodaboda. Saa 12:05 jioni wako kituo cha afya. Wakati anawekwa kitandani anaanza degedege: macho juu, mikono na miguu inakukutika, chini ya dakika mbili. Joto la mwili ni nyuzi 35.2. Sukari ya damu ni 1.9 mmol/l, chini sana.

Alikunywa kiasi gani?

Funda moja la mtoto wa umri huu ni kama 5 ml, sawa na kijiko cha chai. Mafunda mawili ni 10 ml. Katika 10 ml za kimiminika cha asilimia 80 mna 8 ml za alkoholi tupu, na kwa kuwa alkoholi ni nyepesi kuliko maji, hizo ni takriban gramu 6.3. Alkoholi husambaa kwenye maji ya mwili, ambayo kwa hesabu hii tunayachukua kuwa lita 0.65 kwa kila kilo. Kwa kilo 11 ni lita 7.15. Ukigawanya unapata takriban miligramu 88 katika kila desilita ya damu, kiwango kinachozidi kile ambacho nchi nyingi humkatazia mtu mzima kuendesha gari. Vijiko viwili vya chai tu.

Hesabu hii inachukulia kwamba hakutapika chochote cha maana na kwamba kila tone lilinyonywa. Ndivyo inavyotakiwa kuhesabiwa: chukua kiasi kikubwa kabisa kinachowezekana, usichukue kile unachokitamani. Chupa iliyokuwa na alama ya ujazo ingesaidia. Chupa ya maji iliyomiminwa kwa kukadiria, na nusu imemwagika sakafuni, haisaidii.

Na kuna kiasi kisicho na hatari, kisemwe pia, maana hofu isiyo na kipimo nayo inachosha watu. Mtoto aliyepakwa kiasi cha sarafu viganjani, akasugua sekunde 20 hadi 30 mpaka mikono ikakauka, kisha akajilamba vidole, hajanywa kitu. Alkoholi imekwisha kupaa. Mtoto aliyelamba tone moja la jeli, msuuze mdomo, mpe chakula, mwangalie. Kinachobadilisha mambo ni funda. Takwimu za Marekani za 2011 hadi 2014 zilihesabu taarifa 70,669 za watoto wa miaka 12 na chini waliokutana na vitakasa mikono, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikuwa na miaka 5 au chini. Wengi wao hawakudhurika sana, kwa sababu walilamba tu. Mtoto wetu alikuwa na kiu na alikuta chupa ya maji.

Kwa nini alizimia, ikiwa alkoholi haikuwa nyingi hivyo

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Kufika saa 12:05 jioni ini lilikuwa limekwisha kuchoma sehemu ya ile alkoholi. Kwa kasi ya kawaida ya watoto, miligramu 15 hadi 30 katika kila desilita kwa saa, damuni palikuwa pamebaki kama nusu au pungufu ya hapo. Kiwango hicho humlegeza mtoto, lakini peke yake hakitoshi kueleza degedege na kutoamka. Kilichomwangusha ni sukari.

Mwili usiopata chakula hula kwanza sukari iliyohifadhiwa kwenye ini. Akiba ya mtu mzima humvusha usiku mzima na zaidi. Ya mtoto wa kilo 11 ni ndogo, na ubongo wake kwa uzito wake unakula sukari nyingi kuliko wa mtu mzima. Akiba ikiisha, ini hutengeneza sukari mpya kutokana na malighafi nyingine za mwilini. Sasa, kuchoma alkoholi kunahitaji kisaidizi kilekile cha kikemia ambacho ini hukihitaji kutengenezea sukari hiyo mpya. Alkoholi inakipokonya chote. Kiwanda kinasimama, akiba imekwisha, na ubongo unaendelea kula.

Mtoto huyu alikuwa hajala tangu saa 1 asubuhi, saa tisa kasoro kabla ya kunywa. Angekuwa amekula ule ugali na mlenda, huenda tungekuwa tunaandika kuhusu mtoto aliyesinzia alasiri moja akaamka na njaa. Ndiyo maana swali la “amekula saa ngapi mara ya mwisho?” lina uzito sawa na “amekunywa kiasi gani?”, na mara nyingi haliulizwi.

Sukari haishuki papo hapo. Huweza kuanza kushuka ndani ya saa moja au mbili, na huweza kushuka hadi saa 6 baadaye na zaidi, muda ambao harufu imepungua na watu wamekwisha kutulia. Dalili zake, yaani kusinzia, kulegea, jasho la baridi, kutoamka, zinafanana kabisa na mtu aliyelewa na kulala. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo “mwache alale” ni ushauri unaoficha hatari ileile unayopaswa kuiona. Mchana ule ulichukua dakika 80, kati ya saa 10:20 na saa 11:40, ambazo mtoto alikuwa akishuka mbele ya watu waliodhani anapumzika.

Baridi nayo ilichangia. Alkoholi hufungua mishipa ya ngozi, ndiyo mashavu yakawa mekundu, na joto linatoka nje. Mtoto mdogo, shati limelowa kimiminika kinachopaa, kanga moja, Julai ya Dodoma.

Yaliyofanywa nyumbani, moja moja

Maziwa hayazimui alkoholi wala hayaizuii kunyonywa kwa kiasi cha maana. Kwa mtoto aliye macho kabisa na anayekunywa mwenyewe, hayana kosa, kwa sababu ni chakula. Ubaya uko kwenye kumlazimisha, na uko zaidi kumnywesha akishaanza kusinzia: tumbo lililojaa maziwa na koo lililolegea ni njia ya maziwa kuingia mapafuni.

Kumtapisha ni kosa bila mjadala. Alkoholi inanyonywa upesi, kinachorudi ni kidogo, na hatari ya kupaliwa ni kubwa. Mkaa tunautaja kwa sababu watu wanauamini sana, na hata ule wa hospitali uliotengenezwa kwa ajili ya sumu hauishiki alkoholi. Wa jikoni ndio kabisa.

Kilichohitajika saa 9:45 kilikuwa ndani ya nyumba. Kumfuta na kumsuuza mdomo kwa maji. Kumvua shati lililolowa. Kisha, kwa kuwa alikuwa macho, analia na kumeza vizuri, kumpa kitu chenye sukari na wanga: juisi, chai ya maziwa yenye sukari iliyopoa, uji, ule ugali uliofunikwa. Halafu safari ya kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe, bila kungoja dalili, kwa sababu alikunywa funda zaidi ya moja, umri wake ni chini ya miaka 6, na hakuwa amekula. Mwenye simu hupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, akiwa njiani. Kupiga simu kusicheleweshe safari.

Na saa 11:40, alipokuwa hajibu? Kumnywesha chochote hapo ni marufuku. Kinachowezekana ni sukari chini ya ulimi. Mlaze ubavu, kichwa kimeinama kidogo ili mate yatoke. Chukua kijiko cha chai kilichojaa sukari sawasawa na ukingo, idondoshee tone moja au mawili ya maji ilowe tu, isiwe maji ya sukari. Fungua midomo, ipake chini ya ulimi na ndani ya shavu la upande wa chini kidogo kidogo. Inayeyuka na kunyonywa hapohapo mdomoni. Rudia kila dakika 20 mpaka mfike. Akiimeza mapema, rudia mapema zaidi. Njia hii imo katika mafunzo ya Shirika la Afya Duniani ya kuhudumia watoto mahututi, kwa ajili ya mahali ambapo mshipa haujapatikana. Kwenye bodaboda mama angeweza kuifanya akiwa amempakata.

Jambo la mwisho la nyumbani ni ile simu iliyowekwa chini. Tunalichukulia kuwa tatizo la usalama kama lilivyo la kizibo. Dada wa kazi anayejua kwamba akisema ukweli atafukuzwa, atasema mtoto amechoka kucheza. Mwenye nyumba anaweza kulimaliza hilo siku ya kwanza ya kazi kwa maneno machache: “Mtoto akimeza kitu chochote, nipigie hapohapo. Sitakugombeza kwa kunipigia.” Kisha ayatimize siku ikifika.

Kituoni

Mtoto asiyejitambua mwenye degedege akiingia kwenye kituo cha afya Tanzania, akili ya kwanza inakwenda kwenye malaria kali, na ni sawa, kipimo cha haraka kifanywe. Lakini maswali matatu hayachukui nusu dakika: amekunywa au kumeza nini, saa ngapi, amekula lini? Hapa mama alikuja na chupa na akasema mara moja. Bila hivyo, harufu ya alkoholi ingefunikwa na harufu ya matapishi.

Muuguzi alikimbilia diazepamu, dawa ya kutuliza degedege. Tabibu akamzuia: “Sukari kwanza.” Alikuwa sahihi. Diazepamu juu ya alkoholi huzidisha kufifisha pumzi, na degedege la sukari halitulii kwa dawa ya degedege. Kama kituo hakina kipimo, au karatasi zake za kupimia (strip) zimekwisha, mtoto asiyejitambua anahesabiwa kuwa ana upungufu wa sukari na anatibiwa. Kidole cha kupimia kioshwe kwa maji na kikaushwe: utamu wa tunda uliobaki kwenye ngozi huinua kipimo kwa uongo, na huyu ni mtoto wa muuza matunda.

Kiwango cha kuanzia tiba ni chini ya 2.5 mmol/l kwa mtoto mwenye lishe nzuri, chini ya 3 kwa mwenye utapiamlo mkali. Dozi ni 5 ml za glukosi ya asilimia 10 kwa kilo, kwenye mshipa. Kwa kilo 11 ni 55 ml. Kituo kilikuwa na vichupa vya asilimia 50 tu, ambayo kwa ukali wake huunguza mishipa midogo, kwa hiyo ikazimuliwa: 11 ml za asilimia 50, pamoja na 44 ml za maji ya sindano. Uwiano ni 1 kwa 4. Ukikumbuka huo huhitaji karatasi. Dakika sita baada ya sindano kuisha mtoto alifungua macho na kulia. Nusu saa baadaye sukari ilikuwa 6.1.

Halafu likafanyika kosa la pili la siku hiyo, tena la watu waliokwisha kufanya vizuri. Iliwekwa dripu ya maji ya chumvi peke yake, mtoto akafunikwa, na kipimo kinachofuata kikaandikwa cha asubuhi. Saa 1:30 usiku mama alisema analegea tena. Sukari: 2.4. Ile sindano ilikuwa na gramu 5.5 za sukari tu. Mwili uliitumia, na kiwanda cha ini kilikuwa bado kimesimama. Sindano ilirudiwa, na safari hii dripu ikawa na glukosi asilimia 10 ndani ya maji yenye chumvi, kwa 44 ml kwa saa, ambayo ndiyo mahitaji ya kawaida ya maji ya kilo 11 (1,050 ml kwa siku). Vipimo vikawa kila nusu saa hadi vikatulia, kisha kila saa: saa 4 usiku 5.4, saa 6 usiku 5.8. Asubuhi alikunywa uji, dripu ikapunguzwa polepole, sukari ikabaki juu ya 4 bila msaada.

Sehemu nyingine za huduma ni za kawaida. Nguo za maji zilitolewa, akakaushwa, akawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na blanketi juu mpaka joto likafika 36.5. Aliwekwa ubavu. Pumzi zilihesabiwa. Kuoshwa tumbo hakukufanyika, na hakukuhitajika.

Na kama isingekuwa ethanoli

Lebo ya dumu ilisema ethanoli, na mwenendo wa mgonjwa ulikubaliana nayo. Si kila dumu husema kweli. Mwaka 2020 Marekani ilibaini vitakasa mikono vilivyoandikwa ethanoli kumbe vina methanoli. Katika majimbo ya Arizona na New Mexico, kati ya Mei na Juni mwaka huo, watu wazima 15 waliolazwa kwa kunywa vitakasa mikono walikutwa na sumu ya methanoli, 4 wakafariki na 3 wakaruhusiwa wakiwa na kasoro ya macho. Spiriti ya kuwashia majiko nayo mara nyingi huchanganywa methanoli makusudi ili isinyweke.

Methanoli haitofautishwi na ethanoli kwa kunusa nyumbani. Madhara yake huchelewa, kwa kawaida saa 6 hadi 24, na ikiwa imechanganyika na ethanoli huchelewa zaidi. Mtoto anaonekana amepona, kisha anaanza kupumua haraka na kwa kina, anatapika, anapapasa vitu kama asiyeona. Kwa kimiminika kisicho na lebo, au cha mtaani kisicho na jina la mtengenezaji, mtoto haruhusiwi kwa kuwa tu amechangamka. Anapelekwa panapoweza kupimwa asidi ya damu na, ikibidi, kusafishwa damu kwa mashine; kwa Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa ina huduma hiyo. Chupa isimwagwe. Ifungwe, iandikwe saa na jina, ibaki na mgonjwa, kwa sababu Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inaweza kupima kilichomo.

Vipo pia vitakasa mikono vya isopropanoli. Hivyo hulegeza zaidi kuliko ethanoli kwa kiasi kilekile, na pumzi hunukia kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Huduma ya kwanza haibadiliki.

Macho na moto, kwa kifupi

Ufaransa, kati ya Aprili na Agosti 2020, sehemu ya ajali za macho za watoto zilizosababishwa na vitakasa mikono ilipanda kutoka asilimia 1.3 ya mwaka uliotangulia hadi 9.9. Sababu ilikuwa ndogo: vile vyombo vya kukanyaga kwa mguu vilivyowekwa madukani, mdomo wake uko usawa wa kiuno cha mtu mzima, yaani usawa wa jicho la mtoto. Tuna vyombo hivyohivyo kwenye milango ya benki na maofisi. Mtoto ashikwe mkono upande wa pili, na mtu mzima achukue dawa kiganjani mwake kisha ampake. Ikiingia jichoni, mimina maji safi mfululizo dakika 15 hadi 20 kuanzia pembe ya pua kwenda nje, kope zimefunguliwa kwa vidole, halafu hospitali. Siku ya mgao tumia maji ya kunywa, usiyabanie.

Kuhusu moto: kimiminika cha asilimia 70 hutoa mvuke unaowaka kuanzia takriban nyuzi 17, na mchana wa Dodoma uko juu ya hapo mwaka mzima. Mwali wake juani hauonekani vizuri. Mikono ikauke kabisa kabla ya kusogea kwenye jiko la mkaa, na dumu lisikae chumba kimoja na jiko.

Kilichobadilishwa ndani ya nyumba

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alifika siku ya nne, akakaa na wote wawili, mama na dada. Walianza na stuli. Watu wengi huanza kwa kuandika “SUMU” kwenye chupa, na maandishi ni mazuri, lakini mtoto wa miaka 2 hasomi. Yanamsaidia dada, mgeni na bibi aliyekuja kusalimia. Kinachomzuia mtoto ni umbo na urefu. Chupa za maji, soda na juisi zilikatazwa kabisa kwa kazi hii. Ikanunuliwa chupa ya pampu ya 100 ml. Pampu humwaga kidogo kwa kila mbonyezo, na kwa ujazo huo hata akifanikiwa kuifungua, kilichomo kina kikomo. Inatundikwa kwenye msumari juu ya kitasa cha mlango, mbali na kiti au ndoo ya kupandia. Mhudumu alimwacha mtoto ajaribu mwenyewe, akasogeza stuli mara moja zaidi baada ya kumwona anavyopanda.

Chupa ya kapuni ilikuwa swali gumu zaidi, maana mama akirudi kapu huwekwa chini na mtoto hulikimbilia kutafuta ndizi. Sasa kapu linatundikwa kabla mama hajavua viatu, na ndizi inatoka mfukoni.

Kwa mikono ya mtoto mwenyewe walirudi kwenye sabuni na maji. Kibuyu chirizi kilitengenezwa uani kwa dumu la lita 3, kamba na kijiti cha kukanyagia. Tundu limetobolewa kwa msumari uliopashwa moto, na maji yanayotoka ni kidogo kiasi kwamba hata siku ya mgao dumu moja linatosha nyumba nzima. Kitakasa mikono kikabaki cha biashara.

Dumu la lita 5, ambalo lina lita 4 za alkoholi tupu, limetoka chini ya kitanda na kuingia kwenye sanduku la bati la mama, lenye kufuli. Ufunguo uko shingoni mwa mama. Ukutani juu ya jiko, kwa mwandiko wa dada, pamebandikwa karatasi yenye namba ya mama, namba ya bodaboda wa mtaa, 199, na mstari mmoja: “Akimeza: chupa, sukari, twende. Asilale.”